Paa la Nailoni na Mvua ya Masika

Swali ninaloulizwa mara nyingi tangu nilipoanza kulima tungule (nyanya) ndani ya kitalu nyumba, yaani nyumba ya nailoni ya kulimia, huku Dole kisiwani Unguja ni hili: je, kilimo cha ndani kina faida kuliko shamba la wazi? Anayeuliza huwa tayari ameshaona picha za vitalu nyumba vya Ulaya, pengine ameshaletewa bei na fundi, na anatarajia jibu la ndiyo au la. Mimi humuuliza kwanza anataka kuzuia nini. Kitalu nyumba ni kizuizi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na katika visiwa vyetu tofauti kubwa kati ya ndani na nje haimo kwenye mbegu wala kwenye mbolea. Imo katika hesabu ya vile vilivyozuiwa: vipi vilikuwa vikituharibia, na vipi vilikuwa vikitufanyia kazi kila siku bila ya kudai ujira.

Nyumba hizi zilibuniwa na watu wa nchi za baridi kwa sababu ya baridi. Katika eneo la Westland nchini Uholanzi, lenye sifa duniani kote kwa kilimo cha ndani ya vioo, urefu wa mchana wa Desemba haufiki saa nane, na mkulima anayetaka kuvuna wakati huo hana budi kuikinga mimea yake na kuipasha moto. Unguja iko nyuzi sita kusini mwa Ikweta, na Pemba iko kaskazini zaidi kidogo. Tofauti kati ya mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki saa moja. Wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na wakati wa kaskazi, hasa Februari, joto la mchana hupanda hadi nyuzi 32 au 33. Jua hupita utosini mwetu mara mbili, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Hakuna mwezi ambao tungule ya Zanzibar hufa kwa baridi, na kwa hiyo yule anayenunua kitalu nyumba kilichochorwa kwa ajili ya kuhifadhi joto ananunua dawa ya maradhi asiyokuwa nayo.

Inafaa tujue joto la ndani ya kitalu nyumba linatoka wapi, kwa sababu ujenzi wote unategemea jambo hilo. Wengi huamini kwamba kioo au nailoni hunasa mionzi: mwanga wa jua huingia, hugeuka joto, na joto hilo haliwezi kutoka tena. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni sehemu ndogo ya ukweli. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alitengeneza visanduku viwili, kimoja akakifunika kwa kioo na cha pili kwa bamba la chumvi ya mawe, ambayo huiruhusu mionzi ya joto kupita, akaviweka juani. Joto la ndani ya visanduku vyote viwili likapanda karibu sawasawa. Akahitimisha kwamba kazi kubwa hufanywa na kuzuiwa kwa hewa: hewa iliyopata moto karibu na ardhi haipati njia ya kupanda na kwenda zake, na upepo wa nje haupati njia ya kuingia na kuichanganya. Nailoni ya poliethilini tunayoitumia sisi huiachia mionzi mingi ya joto ipite, ndiyo maana usiku nyumba zetu hupoa karibu sawa na nje. Lakini mchana, pande zikifungwa zote, hewa ya ndani huipita ya nje kwa nyuzi kumi au zaidi.

Basi ikiwa kinachopasha moto ni hewa iliyofungiwa, kinachopoza ni kuiachia itoke. Nyumba inayofaa kwetu ni ndefu kwenda juu, kingo za paa zikiwa mita tatu au nne kutoka chini, na mgongo wa paa ukiwa na uwazi wa urefu wake wote ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Pande zake ni chandarua kuanzia karibu na ardhi hadi kwenye paa, na upande mrefu umekaa kuupokea upepo, tukikumbuka kwamba kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, hivyo ukuta mrefu unaotazama mashariki hunufaika na pepo zote mbili. Kwa maneno mengine, ninachokitaka ni mwavuli mkubwa. Vibanda vya chini, vilivyozibwa kwa nailoni kila upande na kuachiwa mlango mmoja, nimeviona Unguja na Pemba, na ifikapo Februari hata mtu hawezi kusimama ndani yake kwa muda wa kufunga kamba za safu moja.

Mmea nao hauwezi, ila haupigi kelele. Tungule hupenda mchana wa nyuzi 21 hadi 27. Joto la mchana likizidi 32 kwa siku nyingi mfululizo, na usiku usiposhuka vya kutosha, chavua hudhoofika, ua hukauka na kudondoka penye kikonyo, na mkulima hubaki na mimea mirefu ya kijani kibichi isiyokuwa na kitu. Hata tunda lililokwisha kushika, likikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 haliwezi kutengeneza wekundu wake vizuri, likaiva kwa rangi ya machungwa yenye mabaka ya manjano, na wanunuzi wa soko la Darajani hulikataa. Ndiyo maana mimi sipandi tungule ndani wakati wa kaskazi. Huweka matango, ambayo huvumilia joto zaidi na ambayo yapo ya aina zinazozaa bila ya kuchavushwa. Hata huko Almería, kusini mwa Hispania, ambako nailoni imefunika zaidi ya hekta 30,000 za ardhi, wakulima hupaka paa zao maji ya chaki kila kiangazi ili kupunguza jua, kisha huyaosha kabla ya baridi kurudi.

Tunachokizuia sisi, basi, ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei, tone la mvua linaloanguka kwenye udongo mwekundu wa kinongo hurusha chembe za matope hadi kwenye majani ya chini, na ndani ya chembe hizo mna vimelea vya ukungu na vya bakteria. Majani yakikesha yamelowa, bakajani, maradhi ya ukungu yanayounguza majani, huingia, na shamba lililokuwa la kijani mwanzoni mwa wiki huwa la kahawia kabla ya Ijumaa. Matunda yaliyokaribia kuiva hupasuka kwa kunywa maji mengi kwa ghafla. Dawa ya ukungu iliyopigwa asubuhi huoshwa mchana, na mkulima hurudia kuipiga, gharama juu ya gharama na sumu juu ya sumu. Wakati huo tungule za visiwani huwa chache katika masoko ya Mwanakwerekwe na Darajani, tukabaki tukitegemea zile zinazovuka bahari kutoka bara, nazo bahari ikichafuka huchelewa na kufika zimeshalegea. Hoteli nyingi huwa na wageni wachache katika masika, jambo ambalo wauzaji wa vitalu nyumba hawapendi kulitaja, lakini jiko la nyumbani halina msimu, na mchuzi bila ya tungule haupikiki kwa furaha. Hapo ndipo paa linapolipa.

Kipupwe kikiingia, mambo hugeuka. Mvua huwa ni zile nyepesi za mchoo, kusi hukausha majani mapema asubuhi, usiku huwa wa baridi kiasi cha kuyafurahisha maua, na shamba la wazi lililotunzwa vizuri hutoa tungule zisizopungukiwa na chochote ukizilinganisha na za ndani. Ngozi yao ni ngumu zaidi na hustahimili tenga na safari ya gari. Shina la mmea uliokulia nje nalo huwa nene, kwa sababu upepo unaoutikisa kila siku huufanya ujijengee nguvu, wakati mmea wa ndani hurefuka haraka na kutaka kamba ya kuushika. Mkulima wa ndani anayepanga mavuno yake yatoke Agosti anashindana na kila mwenye jembe kisiwani, huku yeye akiwa na deni la nailoni na la vyuma. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya vitalu nyumba vingi kuachwa vikawa mifupa mitupu: hesabu zake zilifanywa kana kwamba bei ya masika hudumu mwaka mzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila anayetaka kujenga alifikirie kabla ya kulipa. Siku mafundi walipokuwa wakifunga paa langu, jirani yangu, bibi mtu mzima anayelima mchicha na bamia mpakani mwetu, alikuja kutazama. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama kimya kwa muda akiangalia nailoni linavyovutwa, kisha akaniuliza: “Mwanangu, hayo maji ya paa hilo yatakwenda wapi?” Aliuliza kwa sababu aliogopa yasije yakamteremkia kwenye matuta yake, na alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini swali lake ni kubwa kuliko mpaka wa mashamba yetu.

Mvua inayoharibu majani ndiyo hiyo hiyo inayoosha udongo. Kila maji ya kisima yana chumvi ndani yake, mengine kidogo na mengine zaidi, na mbolea nyingi za viwandani ni chumvi vile vile kwa maana ya kikemia. Mmea hunywa maji na kuiacha sehemu kubwa ya chumvi pale mizizini. Nje, masika huja na kuizamisha chini kabisa, mbali na mizizi, na mwaka mpya wa kilimo huanza na udongo uliosafishwa. Mvua ya mwaka mzima hapa Unguja ni karibu milimita 1600, na Pemba hupata zaidi. Kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kila mita ya mraba ya shamba la wazi huoshwa kwa lita 1600 hivi kwa mwaka. Ile iliyo chini ya nailoni haipati hata tone.

Tufanye hesabu. Chukua maji ya kisima yenye gramu moja tu ya chumvi kwa lita, ambayo mdomoni yana ladha hafifu. Tungule moja iliyokomaa hunywa lita moja na nusu kwa siku, na siku za joto hufika lita mbili. Baada ya siku mia moja za lita moja na nusu, shina moja limeletewa gramu 150 za chumvi, nazo hazina pa kwenda. Dalili yake huonekana kwa macho kwa anayetaka kuona. Kwanza utandu mweupe hujitokeza kwenye ukingo wa tundu la mpira wa kumwagilia kwa matone, kisha juu ya udongo pembeni mwa duara la unyevu, mahali maji yanapokaukia. Ukiugusa kwa kidole kilicholowa na kuuonja, utajua. Baadaye ncha za majani ya chini huungua na kuwa kahawia, na mmea hunyauka saa sita mchana ijapokuwa udongo umelowa, kwa sababu chumvi imeyashika maji na kuyanyima mizizi. Pilipili boga huanza kupunguza mavuno mapema, chumvi ya udongo ikifika desisimens 1.5 kwa mita, kipimo cha jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme kwa sababu ya chumvi. Tungule na tango huvumilia hadi 2.5 hivi. Ni kweli kwamba chumvi kidogo huzifanya tungule kuwa tamu zaidi, na wapo wakulima duniani wanaofanya hivyo kwa makusudi, lakini huwa ndogo, na wao wana vipimo mkononi kila siku.

Kwa wenzetu wa pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, na wa upande wa Micheweni kule Pemba, jambo hili ni zito zaidi. Ardhi yao ni ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, ambako watu wamezoea kupanda katika vifuko vya udongo vilivyo kati ya mawe. Maji matamu ya huko hukaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, na kisima kikivutwa kupita kiasi wakati wa ukame, ya chumvi hupanda. Huko kitalu nyumba chenye mifuko kina maana kubwa, kwa sababu hakihitaji udongo kabisa: makumbi ya nazi yaliyosagwa yanatosha kuishika mizizi, na makumbi tunayo. Tahadhari ni kwamba makumbi yaliyofukiwa pwani ili kutoa usumba wa kamba yamejaa chumvi ya bahari, na hayafai mpaka yaoshwe kwa maji matamu tena na tena hadi yanayochuruzika yasiwe na ladha. Tunarudi pale pale kwenye maji.

Jibu la swali la bibi ndilo linaloweza kuokoa kazi yote. Nyumba ya mita 8 kwa 30, ukubwa unaouzwa sana Afrika Mashariki, ina paa la mita za mraba 240. Zidisha kwa milimita 1600 utapata lita 384,000 za maji yasiyo na chumvi kwa mwaka, yanayoteremka juu ya vichwa vya mimea inayokufa kwa chumvi. Hata ukipoteza robo yake, zinabaki lita 288,000. Mashina mia sita ya tungule yanayotosha katika nyumba hiyo hunywa kati ya lita 900 na 1200 kwa siku. Kinachokosekana ni mifereji miwili ya paa na mahali pa kuhifadhia. Tangi la lita 10,000 hujaa kwa mvua ya milimita 42, ambayo katika masika si ajabu kunyesha kwa siku moja, na hutosha kwa siku kumi hivi. Anayeweza kuchimba birika kubwa na achimbe. Asiyeweza, hata tangi moja humsaidia kwa njia hii: ayatumie maji ya mvua kuoshea udongo au mifuko yake mwisho wa kila zao, kwa kumwagilia mengi kwa pamoja mpaka yatoke chini, kisha ayachanganye na ya kisima siku za kawaida. Ninapoombwa ushauri na mtu mwenye bajeti ndogo, humwambia apunguze urefu wa nyumba kuliko kuacha mfereji na tangi. Maji ya ziada yapelekwe kwenye mtaro uliochimbwa vizuri, ili yasimfikie jirani.

Upepo nao ulikuwa na kazi. Ua la tungule lina dume na jike ndani yake, na chavua yake imefungwa ndani ya vijimrija ambavyo hutoa unga vikitikiswa. Nje, upepo huvitikisa, na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti hulishika ua na kuvuma juu yake mpaka unga umwagike. Nyuki wa asali hana uwezo huo wa kuvumisha. Ndani hakuna upepo wa kutosha, na chandarua kimemzuia nyuki. Kwa hiyo asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, sisi hupita safu kwa safu tukizigonga kwa kijiti zile kamba zilizoishika mimea, polepole, na ukitazama kwa upande wa mwanga utaona vumbi jembamba la manjano likishuka. Ni kazi ya kila siku ya pili au ya tatu, na mtu akiacha kuifanya wiki nzima, vichala vitakuja na mapengo. Wakulima wa vanila wa visiwani hawatashangazwa na habari hii, kwani wao huchavusha ua moja moja kwa mkono, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na kijana mtumwa aliyeitwa Edmond Albius. Vanila huota nje, chini ya kivuli cha miti, na bado inamtaka binadamu, kwa sababu wadudu wake walibaki Meksiko na Amerika ya Kati. Nyumba ya nailoni hufanya jambo kama hilo kwa mimea iliyokuwa na wadudu wake tele.

Na wadudu hawa si maadui wote. Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya miembe na minazi kuwa nyumba zao, walichunguzwa hapa Zanzibar katika miaka ya 1950, ikathibitika kwamba wanailinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza vidaka na kuvifanya vipukutike. Katika shamba la wazi wapo pia buibui, mijusi, nyigu na kunguni wanaokula wenzao. Chandarua chenye matundu madogo huwazuia inzi weupe na kantangaze, yule nondo aliyetoka Amerika ya Kusini na ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya tungule, lakini huwazuia vile vile wanaowala. Inzi weupe wachache wakiingia na mtu mlangoni, au na mche ulionunuliwa bila ya kukaguliwa, watakuta chakula kingi, hakuna mvua ya kuwaosha na hakuna adui. Utitiri huongezeka kwa namna hiyo hiyo, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani, tofauti na bakajani, hauhitaji jani lililolowa. Maradhi ya ndani na ya nje hayafanani, na anayehama kutoka nje kwenda ndani hubadilisha orodha ya maadui, haifuti. Milango miwili yenye chumba kidogo katikati, na viatu visivyotoka nje, vina thamani kuliko chupa nyingi za dawa. Tukumbuke pia kwamba chandarua chenye matundu madogo kinachozuia inzi huzuia na hewa, hivyo eneo la chandarua lazima liwe kubwa zaidi.

Kuna adui mmoja anayestahili nafasi yake, nao ni mnyauko wa bakteria. Mmea hunyauka ungali wa kijani, mchana huinama na usiku hujaribu kuinuka, na baada ya siku chache hauinuki tena. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitundike ndani ya glasi ya maji safi na usikitikise. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe wa maziwa ukiteremka kutoka kwenye mkato. Hakuna dawa ya kupiga inayoutibu, na bakteria huweza kuishi udongoni kwa miaka. Mkulima wa nje huhamisha tungule zake, akapanda mahindi au mtama pale palipougua, akasubiri. Nyumba haihamishiki, na deni lake humlazimisha mwenyewe kurudia zao lile lile lenye bei. Njia zilizobaki ni kupanda kwenye mifuko yenye makumbi, au kupandikiza tungule juu ya shina la bilinganya la aina inayostahimili, jambo ambalo vijana wenye mikono mitulivu wanaweza kulijifunza na kujipatia riziki kwa kuwauzia wengine miche.

Upepo mkali sitausemea kwa urefu. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Vimbunga ni nadra kwetu, ingawa Hidaya ilifika Mafia mwezi Mei 2024, lakini dhoruba za kawaida za kusi zinatosha kuchana nailoni lililolegea. Nailoni lenyewe, hata lile lenye kinga ya jua, hudumu miaka mitatu hadi mitano, na lazima mtu awe na mpango wa mahali pa kulipeleka likichakaa, kwani vipande vyake vikizikwa shambani vitamkuta mjukuu.

Mchicha, bamia, muhogo, ndizi na viazi vitamu havina haja yoyote ya paa, na ningesikitika kuona eneo la nyumba likitumiwa kwa mazao hayo. Mahali ambapo ndani na nje vinashirikiana vizuri kuliko pote ni kwenye miche. Mbegu ya karafuu, yaani lile tunda lililoachwa mtini likaiva, hufa upesi ikikauka, hivyo hupandwa ikiwa mbichi, kwenye vifuko, chini ya kivuli cha makuti au cha wavu, na hukaa hapo kwa miezi mingi ikilindwa dhidi ya jua la utosini na matone makubwa ya masika. Kisha kivuli hupunguzwa kidogo kidogo, kuti moja baada ya jingine, na maji hupunguzwa, mpaka majani yawe magumu na mche uwe tayari kukaa nje kwa miaka mingi ijayo. Miche ya tungule na pilipili huhitaji utaratibu huo huo kwa siku saba hadi kumi tu. Mwenye pesa kidogo anayeniuliza aanzie wapi, humwambia aanze na banda la miche la mita chache, lenye paa la nailoni, pande za chandarua, mfereji mmoja na pipa la kukingia maji, awauzie miche majirani zake kabla ya vuli, na fedha zitakazopatikana ndizo zimjulishe kama nyumba kubwa inamfaa.